Safu ya Sita

Namba ya Alhamisi ile ilikuwa sita. Tusekile Swalo aliiandika kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa nje ya mlango wa pango, akaisoma kwa sauti kama ilivyo desturi, na alipogeuka akakuta watu waliokuja kuisikia wameshaanza kushuka mlima kimya kimya, mikono ndani ya makoti. Mji mzima wa Ilungulu ulijua kwamba namba ikishuka chini ya tano siku ya Alhamisi, mlinzi wa mashine hana budi kukaa chini na kuandika majina ya watu wa kuzimwa. Kutoka sita kwenda tano si safari ndefu.

Ubao wenyewe haukuwa na lolote la kujivunia. Ulikuwa kifuniko cha kreti lililoleta mashine mlimani enzi za mababu, kabla mitandao ya dunia haijakatika na kila mji kubaki na chake. Upana wake ulikuwa kama wa sinia, na mlinzi wa kwanza, ambaye hakuna tena anayeikumbuka sura yake, aliona unatosha namba moja tu. Kati ya namba ambazo mashine huonyesha, akachagua ile iliyo chini ya neno Huru. Walinzi watatu waliomfuata waliandika hiyo hiyo, naye Tusekile, wa tano, hakuona sababu ya kujifanya mjuaji.

Aliyebaki nyuma siku ile ni Mwenyekiti Luvanda, mama wa makamo mwenye sauti ya kuongozea kwaya, ingawa asubuhi hiyo aliongea chini chini. Alikuwa na habari. Malori ya watu wa Bonde yangefika kesho yake. Ziwa lilikuwa limemeza mji wao, likameza na mashine yao. Kati yao walikuwamo wazee arobaini wenye vidokezi vilivyokufa masikioni.

Hapakuwa na haja ya kumweleza Tusekile maana ya hilo. Kidokezi ni kidude cha ukubwa wa punje ya mahindi, hukaa nyuma ya sikio, na kijicho chake hutazama kile anachotazama mzee. Mzee akimwona mtu asiyemkumbuka, kidokezi huiuliza seva iliyomo pangoni, seva hufungua ukurasa wa mtu huyo, na jina hunong'onwa sikioni kabla aibu haijafika usoni. Mzee aliyezimwa hubaki anazungukwa na wageni hadi kufa kwake, hata kama wageni wenyewe ni watoto aliowazaa.

"Kuwafukuza hatuwezi, mwanangu, tutakuwa watu gani?" alisema mwenyekiti. "Lakini kila mmoja anakula giga moja na nusu. Arobaini waingie, arobaini wa kwetu watoke. Nataka majina Jumatatu asubuhi, kikaoni."

Tusekile aliitikia, kwa kuwa kazi ya mlinzi ni kuitikia, halafu akaingia ndani na kukaa chini sakafuni. Mara ya mwisho orodha kuandikwa ilikuwa miaka tisa iliyopita. Aliyeiandika ni mwalimu wake, Ambakisye Sanga. Alitakiwa majina kumi na moja, na ili mtu asije akasema kwamba amependelea, la kwanza aliandika la mkewe, Subilaga.

*

Ijumaa huwa siku ya kufagia. Saa sita mchana mlinzi huandika amri ya fagio, mashine humwaga kila kilichojazana kwenye kumbukumbu yake ya haraka, na namba ya Huru huruka kutoka chini kabisa hadi kupita mia tatu. Watu huja kuishuhudia. Hupiga makofi, wengine huleta magimbi ya kuchemsha, na kwa saa chache mji mzima hutembea umejiachia kwa raha ya kujua kwamba nafasi ipo. Alasiri yake huja ukungu. Wazee huanza kubabaika, huita wajukuu kwa majina ya ng'ombe, hupotelea kwenye vichochoro walimozaliwa, na hali hiyo huwaachia taratibu kufikia Jumapili. Uliitwa ukungu wa Ijumaa. Kila mtu aliamini kwamba ni uchovu wa wiki, na dawa yake ilikuwa supu ya moto na blanketi.

Ijumaa hii Tusekile hakufagia. Si kwamba aliamua. Alisahau, kama anavyoweza kusahau mtu aliyekuwa tangu alfajiri kwenye ukumbi wa shule akipokea wageni wa Bonde. Alikuwa akipima vidokezi vyao kimoja kimoja. Bibi mmoja, Tupokigwe, alimshika mkono akakataa kuuachia, akimuuliza kama yeye ndiye binti yake. Binti mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo pembeni, anatazama sakafu. Tusekile alijibu kwamba yeye ni fundi tu, na bibi akashukuru, ndaga, mwanangu, kwa upole kana kwamba amejibiwa ndiyo.

Saa kumi na nusu alikuwa anapanda mlima kwa haraka, anajilaani kwa kusahau fagio, ndipo aliposimamishwa na Mama Fungo. Mama Fungo alikuwa na malalamiko. Kila Ijumaa alasiri jirani yake, Mzee Tweve, huingia nyumbani kwake akidhani ni kwake, huketi na kudai chai, na Mama Fungo kwa kuzoea huchemsha mapema kabisa na kumwekea kikombe. Leo alikuwa amechemsha kama kawaida. Mzee Tweve akapita barabarani, akamwamkia kwa jina, akauliza habari za mguu wake uliokuwa ukimsumbua, akaingia kwake na kufunga mlango.

"Sasa hii chai nimpe nani?" aliuliza Mama Fungo, kana kwamba mashine ndiyo iliyomkosea adabu.

Tusekile alisimama pale pale njiani. Kwa mbali aliwaona wazee wengine wawili wakitoka dukani, wakaagana kwa majina, kila mmoja akashika njia yake. Alitazama jua, akahesabu kwa vidole kuhakikisha kwamba kweli leo ni Ijumaa. Kisha akainywa ile chai yeye mwenyewe, yote, bila kuonja kama ina sukari, maana akili yake yote ilikuwa kwenye fagio alilolisahau.

*

Jumamosi asubuhi aliingia pangoni amevaa makoti mawili. Baridi ya mle ndani ndiyo iliyowafanya watu wa zamani wakalichagua. Mashine haihitaji feni. Vigae vya kioo, elfu tisini, vimepangwa kutoka sakafuni hadi juu ambako taa haifiki, na ndani yake imo kila sura, kila jina, kila njia ya kurudi nyumbani. Vigae havifi wala havisahau, ila ni vizito kusomwa. Kutoa ukurasa mmoja kwenye kigae huchukua sekunde kumi na moja. Ndiyo maana kuna kumbukumbu ya haraka, giga mia tano na kumi na mbili, ambamo ukurasa ukishawekwa hutoka kabla hujapepesa jicho.

Aliketi mbele ya skrini ya mashine. Mfumo ulikuwa Linux, ule ule waliorithi, na amri ya kuuliza hali ya kumbukumbu ilikuwa neno la herufi nne, free. Aliiandika kama alivyoiandika kila siku kwa miaka mitano, na mstari ukajitokeza na safu zake sita. Jumla, 512. Inayotumika, 190. Huru, 2. Shirikishi, 1. Akiba, 320. Inayopatikana, 313.

Macho yalikwenda yenyewe kwenye safu ya tatu, yakasoma mbili, yakataka kuondoka. Aliyalazimisha kubaki.

Mbili. Ingekuwa Alhamisi, hapo ni kuzima watu. Lakini jana yake, kwa namba ndogo kama hii, Mzee Tweve alikuwa ameuliza habari za mguu wa jirani. Na Ijumaa iliyotangulia, namba ikiwa mia tatu na ushee na watu wanapiga makofi, mzee huyo huyo alikuwa hajui mlango wake. Tusekile aliyaweka mambo hayo mawili kando kwa kando na kuyatazama kwa muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akausoma mstari wote.

Ilimjia polepole. Linux ikitoa ukurasa kwenye kigae na kuupeleka sikioni kwa mzee, haiutupi. Inatazama kama kuna mahali popote pasipo na mwenye kazi napo, na inauweka hapo, ili ukiulizwa tena usifuatwe kwenye kigae. Mahali hapo panaitwa akiba. Programu ikihitaji nafasi, akiba huipisha pale pale: kurasa ambazo hazijaguswa siku nyingi zinaachiliwa, na hakuna kinachopotea, kwa sababu asili yake iko kwenye kioo. Safu ya sita ndiyo inayosema ukweli wa nafasi iliyobaki. Ile ya tatu inasema tu ni kiasi gani ambacho mashine bado haijakipatia kazi, na mashine yenye afya hukipatia kazi karibu chote.

Walikuwa wakifagia, basi. Kila Ijumaa walikuwa wakizimwaga kurasa zote walizozizoea wazee, kisha wanashangaa kwa nini majina yanachelewa.

Hakutaka kuamini kwa kusoma peke yake. Alikagua kwanza diski ya dharura, mahali ambapo mashine iliyozidiwa husukuma vitu vyake ikikosa pa kuviweka. Ilikuwa sifuri, na rekodi za mashine zilionyesha imekuwa sifuri tangu siku ilipowashwa. Mashine hii haikuwahi kuzidiwa hata mara moja. Halafu akafanya jaribio. Akafungua kwenye seva wasikilizaji wapya arobaini, yaani programu za kupokea maswali ya vidokezi, moja kwa kila mgeni, kila moja na giga moja na nusu yake iliyojaa kweli kweli, akaiamuru mashine imwonyeshe namba kila sekunde.

Inayotumika ilipanda, mia mbili, mia mbili na ishirini, ikasimama mia mbili hamsini. Akiba ikashuka kwa kiasi kile kile, bila kelele, bila taa yoyote kuwaka nyekundu. Inayopatikana ikatua mia mbili hamsini na tatu. Na Huru, hiyo namba waliyoilia na kuiombea miaka yote, ikacheza mbili, tatu, mbili, tatu, haina habari. Wazee wote wa Ilungulu waliendelea kujibiwa. Aliona maombi yao yakipita, mamia, kila moja na jibu lake.

Aliuliza tena ni kurasa zipi zilizomo kwenye akiba wakati ule. Orodha ikamiminika. Sura za wajukuu. Jina la mbwa aliyekufa zamani. Njia ya kutoka kisimani hadi kwa Mzee Tweve, iliyoulizwa mara elfu moja na mia nne. Kila kitu ambacho mji ulikipenda kiasi cha kukiuliza na kukiuliza tena kilikuwa kimewekwa karibu, na mashine ambayo haimjui mtu ilikuwa imefanya hivyo yenyewe, sekunde kwa sekunde, tangu kabla yeye hajazaliwa. Alijikuta amesimama, amevua kofia, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada bila kujua, na machozi yakamtoka kwa furaha na kwa mshangao wa kitu kikubwa kilichokuwa mbele ya macho yake siku zote.

Furaha hiyo haikukaa sana. Mashine huandika hali yake kila saa na haifuti. Aliitafuta Alhamisi ile ya miaka tisa iliyopita, akaipata. Huru, 4. Inayopatikana, 331.

*

Mwenyekiti Luvanda alimsikiliza alasiri hiyo hadi mwisho, akiwa ameshika mlango wa pango. Aliuliza mara mbili kama ni hakika. Kisha akasema maneno ambayo Tusekile alikuwa ameshajiambia mwenyewe njiani.

"Sema umeitengeneza. Sema umegundua njia mpya, mashine imeongezeka nguvu. Wageni wataingia, hakuna atakayezimwa, na wale waliozimwa waliobaki hai utawawasha. Nani ataumia? Ambakisye ni mzee wa miaka sabini na nne, Tusekile. Unataka afe akijua hilo?"

Kuyasikia kinywani mwa mwingine kulimtia Tusekile hasira. Uongo ule ulikuwa mzuri. Ungefanya kila kazi ambayo ukweli ungefanya, na usingemvunja mtu. Waliozimwa walikuwa kumi na mmoja. Saba walishakufa, wamezikwa na watu ambao hawakuwatambua. Mwalimu alikuwa amelala na hilo miaka tisa kwa kujiambia kwamba hapakuwa na njia nyingine. Kumwambia sasa ni kumnyang'anya hata hicho.

Lakini aliuwaza ubao. Akisema ameitengeneza mashine, namba ya Huru itabaki namba ya Huru. Yeye atakufa, mlinzi wa sita atakuja, atasoma safu ya tatu kwa sauti, na siku moja atakaa sakafuni na kalamu mkononi. Alimwambia mwenyekiti kwamba atakwenda kwa Mwalimu kesho, kabla ya kikao, ili asikie akiwa kwake.

*

Jumapili alimkuta Mwalimu Ambakisye uani, amekaa na mkewe, wanapukuchua maharage. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda. Mama Subilaga alimtazama mgeni kwa tabasamu la adabu, halafu akamgeukia mumewe.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mimi ni Ambakisye, mume wako," alisema Mwalimu, na akaendelea kupukuchua. Katika muda ambao Tusekile alikaa pale, swali lilikuja mara nne, na mara zote nne jibu lilikuwa lile lile kwa sauti ile ile.

Tusekile alitoa karatasi aliyonakili mstari wa jana. Alimwomba Mwalimu amsomee. Mzee akaisogeza mbali na macho, akasoma safu ya tatu, mbili, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Endelea, Mwalimu," alisema Tusekile. "Isome yote."

Alisoma. Alipofika kwenye akiba, sauti ilipungua. Alipofika ya sita alirudi mwanzo, akasoma tena bila sauti, midomo tu ikicheza. Hakuhitaji kuelezwa, ndiye aliyekuwa amemfundisha Tusekile kila alichokijua, na akili yake haikuwa imeota kutu. Tusekile alisimulia tu juu ya fagio lililosahauliwa na wasikilizaji arobaini wa majaribio. Mzee alisikiliza akitazama maharage.

"Alhamisi yangu," alisema mwishowe. "Safu ya sita ilikuwa ngapi?"

Angeweza kusema kwamba hakuangalia. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni.

"Mia tatu thelathini na moja, Mwalimu."

Mwalimu Ambakisye aliikunja karatasi, akaikunja tena, hadi ikawa ndogo kama stempu, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Kisha akasema kwamba Jumatatu ataandika ubao yeye mwenyewe.

*

Na aliuandika. Alipanda mlima kwa fimbo, akafuta namba ya zamani kwa kiganja, akaandika mia mbili hamsini na tatu kwa tarakimu kubwa zilizojaza ubao wote. Kikaoni alisoma safu zote sita kwa sauti, za leo, kisha za Alhamisi yake. Alisoma na majina kumi na moja. Mtoto wa marehemu Chaula, aliposikia jina la mzazi wake, alisimama akatoka bila kuaga, na mpaka leo hampi Mwalimu mkono. Wengine walilia. Bibi Tupokigwe wa Bonde, ambaye kidokezi chake kilikuwa kimewashwa nusu saa kabla, alikuwa amekaa nyuma anamwita binti yake kwa jina, tena na tena, kwa raha ya kulisikia.

Waliozimwa waliobaki hai walikuwa wanne. Mwalimu alitaka mkewe awe wa mwisho, na Tusekile hakubishana naye. Ilipofika zamu yao, uani kwa Mwalimu, jua lilikuwa limeelekea machweo. Kidokezi kilikuwa kimehifadhiwa kwenye kopo la majani ya chai miaka yote tisa. Tusekile alikifuta, akakiweka nyuma ya sikio la Mama Subilaga, akasogea pembeni.

Mama Subilaga aligeuka akamwona mzee aliyeketi mbele yake, vidole vyeupe kwa chaki.

"Wewe ni nani?"

Mwalimu alifungua mdomo kwa mazoea, akaufunga. Kule pangoni mashine ilikuwa inashuka kwenye vigae, kwenye kioo ambacho hakuna aliyekigusa kwa miaka tisa. Tusekile alihesabu moyoni. Ilikuwa sekunde kumi na moja.

"Ambakisye," alisema Mama Subilaga.

Alitazama kuku waliokuwa wakipita, akasahau, akageuka tena, na safari hii jina lilimfikia kabla swali halijamtoka. Akacheka kidogo. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu sura ambayo jina lile lilimkumbusha ilikuwa ya miaka tisa iliyopita, na iliyo mbele yake haikufanana nayo. Alinyoosha mkono akagusa mvi za mumewe, kisha makunyanzi chini ya macho.

"Mbona umezeeka hivi, Ambakisye? Umepatwa na nini?"

"Nilisoma vibaya, mama Tumwitike," alisema Mwalimu, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Nilisoma vibaya."

Mama Subilaga hakuelewa alichoambiwa, lakini aliona mtu wake analia. Akamshika mkono, akauona una chaki, akaanza kuufuta taratibu kwa pindo la kanga yake.